UFUGAJI WA MBUNI: YAI LINUNULIWE MWISHO



Tangu ukame ule wa mwaka 2020 hadi 2023 umalize mifugo katika nyanda zetu za Kajiado, kuna swali moja tunaloulizwa kila mahali: "Hivi huyu mbuni, anafugika?" Tunaulizwa sokoni, tunaulizwa kwenye baraza ya chifu, hata matangani. Mtu aliyekuwa na ng'ombe 40 akabaki na 6 anamwona mbuni mbugani, ana afya, anatembea zake, na anajiambia: kumbe huyu ndiye mnyama wa nchi kavu!

Jibu letu ni ndiyo, anafugika. Lakini ndiyo hiyo ina mkia mrefu, na mkia huo ndio somo letu la leo. Sisi wa kikundi cha maendeleo tulianza mwaka 2019 na vifaranga 12, kwa pesa za mkopo na michango ya wanachama. Mama mmoja kati yetu aliuza mtamba wake ili apate fungu. Baada ya miezi mitatu vifaranga walikuwa wamebaki 4. Leo tunao ndege 3. Hatuandiki haya ili kumvunja mtu moyo. Tunaandika kwa sababu tulilipa karo kubwa, na si lazima ninyi mlipe tena.

Mbuni wa porini na mbuni wa uani

Kosa letu la kwanza lilikuwa la mawazo. Tulidhani tunanunua mnyama asiyeujua ukame. Ni kweli, mbuni wa porini huvumilia sana. Maji mengi huyapata katika mimea anayokula, na anaweza kukaa siku kadhaa bila kwenda kunywa. Lakini siri yake ni miguu. Kutwa nzima hutembea akidonoa hapa jani, pale mbegu. Pakikauka huku, anahamia kule.

Ukimzungushia waya umemnyang'anya miguu. Sasa hamlishwi na nchi, bali wewe ndiwe wa kumlisha. Mbuni watatu katika nusu ekari hugeuza majani kuwa vumbi upesi, na ukame ukija, njaa yao inabisha hodi mlangoni kwako kama ya ng'ombe.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mbuni mzima hula karibu kilo 2 za chakula kikavu kwa siku. Watatu ni kilo 6. Kwa mwaka ni kilo 2,190, yaani kama mifuko 44 ya kilo 50. Andika bei ya mfuko mmoja hapo kwenu, zidisha kwa 44, kisha utazame jumla yake kabla hujaendelea kusoma. Na maji: mbuni anayekula chakula kikavu hunywa maji yenye uzito zaidi ya mara mbili ya chakula hicho, na siku za jua kali huzidisha. Kwa ndege watatu, mtungi wa lita 20 kwa siku usikosekane.

Mwenye kisima na kashamba ka lusani ana njia. Asiye na vyote viwili angoje kwanza.

Tuanzie mwisho

Wengi huanza na yai au kifaranga, halafu hutafuta chakula, halafu ua, halafu kibali, na mwisho kabisa soko. Sisi tunasema geuza orodha hiyo juu chini: kibali, soko, chakula, ua, ndipo ndege.

1. Kibali. Mbele ya sheria ya Kenya mbuni si kuku mkubwa, ni mnyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka mfugaji awe na leseni, na ofisi ya kuanzia ni ya Shirika la Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe. Usiokote yai porini hata likiwa limeachwa peke yake. Hata ganda tupu au nyoya si mali yako bila kibali. Ndege wa kuanzia hununuliwa kwa mfugaji mwenye leseni, na karatasi zake uzione kwa macho yako. Jambo hili sisi tulilifanya vizuri, nalo lilituchukua muda. Uwe na subira.

2. Soko. Hapa ndipo tulipoanguka. Aliyetuuzia vifaranga alituahidi kwamba wakikomaa atawanunua yeye mwenyewe, awapeleke kwenye mahoteli. Tulishikana mikono, tukanywa chai, hatukuandika chochote. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukafika Kenya, mahoteli yakafungwa, na simu yetu haikushikwa tena. Hatumlaumu kwa ugonjwa. Tunajilaumu kwa kukosa karatasi.

Wala hatukuwa wa kwanza. Mji wa Oudtshoorn, Afrika Kusini, ulitajirika kwa manyoya ya mbuni yaliyopambwa kwenye kofia za akina mama wa Ulaya. Mwaka 1914 vita vilipoanza, na mitindo ikabadilika, na watu wakaanza kupanda motokaa ambamo kofia kubwa hazikai kichwani, bei ilianguka na wafugaji wengi wakafilisika. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walinunua mbuni wa kuzalisha kwa maelfu ya dola. Lakini wengi hawakuwa wakiuza nyama; walikuwa wakiuziana ndege wao kwa wao. Mnunuzi mpya alipokosekana, ndege akawa hana bei. Mwaka 2011 homa ya mafua ya ndege iliingia katika mashamba ya Afrika Kusini, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaacha kununua nyama mbichi ya mbuni kutoka huko.

Basi jiulizeni: nani atakula? Mbuni huchinjwa akiwa na miezi 10 hadi 14, akiwa na uzito wa kilo 90 hadi 110. Nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe, na mafuta hayajachanganyika na mnofu. Ngozi yake yenye vinundu hutengeneza viatu na mikoba. Manyoya hutumika kwa mapambo na kwa fagio za vumbi. Vyote ni vizuri, lakini kila kimoja kinahitaji mnunuzi wake: bucha yenye mkaguzi wa nyama, kiwanda cha ngozi, mtu wa mapambo. Kama mnunuzi pekee ni jirani anayetaka naye kuanza kufuga, hilo si soko. Huo ni mchezo wa kupokezana kaa la moto.

Ua na usalama

Ua uwe wa kimo cha kama mita 2 kwa ndege wakubwa, wa waya laini au wa nyavu, na uonekane vizuri. Mbuni akishtuka hukimbia bila kutazama, na anaweza kufika kilomita 70 kwa saa. Seng'enge yenye miiba ni kisu kwake. Mmoja wa wale wanne wetu alishtushwa na mbwa usiku, akaingia kwenye waya uliolegea, akavunjika mguu. Mguu wa mbuni ukivunjika ndio mwisho wake. Funga vitambaa vyeupe kwenye waya mpya mpaka wauzoee.

Dume mmoja na majike wawili wapewe angalau nusu ekari, na kivuli. Pembe za ua zisiwe kali, maana hapo ndipo ndege hubanana. Kila asubuhi pita ukiokota misumari, vipande vya waya, vigae vya chupa na kamba za plastiki. Mbuni humeza chochote kinachometameta.

Msiwaache watoto waingie. Mbuni hupiga teke la mbele na la kushuka chini, na kucha lake linaweza kupasua tumbo la mtu. Dume akianza kuwa mwekundu shingoni na miguuni, huo ni msimu wa kupandana na hana rafiki. Wafugaji wa Afrika Kusini huingia na tawi la miiba kwenye fimbo ndefu, wakilielekeza usoni mwake. Yeye hurudi nyuma kulinda macho. Ukitaka kumshika, mvike kichwani soksi nyeusi iliyotobolewa mdomoni. Akishakuwa gizani hutulia, na watu wawili wanaweza kumwongoza polepole.

Ndege wa kuzalisha

Huku kwetu kusini tuna mbuni wa Kimaasai, ambaye dume wake ana shingo ya rangi ya waridi. Kaskazini, Samburu hadi Garissa, yuko mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya kijivu cha buluu. Hawa wawili wataalamu huwahesabu leo kuwa spishi mbili. Usiwachanganye uani.

Jike huanza kutaga akiwa na miaka 2 hadi 3, na dume hukomaa nyuma yake kidogo. Akitunzwa vizuri jike hutaga miaka mingi. Katika msimu hutaga yai moja kila baada ya siku moja, mara nyingi jioni, na kwa mwaka mfugaji aweza kupata mayai 40 hivi au zaidi kwa jike mmoja. Ukiyaacha yote kiotani, wao wenyewe wataatamia: jike wa rangi ya udongo hukaa mchana, dume mweusi hukaa usiku, kila mmoja akijificha kwa rangi yake. Hapo ndipo ilipotoka ile hadithi ati mbuni huficha kichwa mchangani. Hafichi. Huwa amelaza shingo chini ili asionekane, au anageuza mayai kwa mdomo.

Ukiokota mayai, yaokote siku ile ile kwa mikono safi. Usiyaoshe kwa maji baridi. Uchafu wa ganda hufyonzwa ndani. Weka mahali penye ubaridi, yasipite siku 7. Katika mashine, yai hukaa siku 42 kwenye joto la nyuzi 36 na kidogo, likigeuzwa kila siku, na hewa iwe kavu kuliko ya mayai ya kuku, kwa maana yai hilo zito la kilo moja na nusu linapaswa kupoteza maji mengi kabla ya kuanguliwa. Lisipopoteza, kifaranga huvimba na kufa ndani.

Ushauri wetu: kama stima kwenu hukatika kila wiki na hamna jenereta, msinunue mashine. Pelekeni mayai kwa mwenye mashine na leseni, mkalipe.

Miezi mitatu ya kwanza

Hapa tunaomba msome polepole. Kaburi la ufugaji wa mbuni liko katika miezi hii mitatu. Aliyevuka hapo huvumilia mengi, wengi hawavuki. Hivi ndivyo tulivyowapoteza wanane wetu, na hivi ndivyo tungefanya leo.

Miguu: wawili. Tuliwaweka kwenye sakafu ya saruji tukaitandika magazeti. Kifaranga wa mbuni akiteleza, miguu hupanuka pembeni na haitarudi. Tandika magunia yaliyokazwa vizuri au zulia kuukuu linalofulika. Pia tuliwapa chakula kizito tukifurahia wanavyonenepa. Mwili ulikimbia, mifupa ikabaki nyuma, miguu ikapinda. Kifaranga lazima atembee. Kukiwa na jua na ardhi kavu, mtoe nje tangu siku za kwanza, akimbie.

Baridi: mmoja. Usiku jiko la makaa lilizimika na aliyekuwa zamu alilala. Siku za kwanza wanataka joto la nyuzi 30 hadi 32, kisha unapunguza pole pole wiki baada ya wiki. Usitazame kipimajoto peke yake, tazama vifaranga. Wakirundikana wanaona baridi; wakihema midomo wazi wanaona joto. Na hewa ipite, maana moshi wa jiko nao unaua.

Tumbo kuziba: wanne. Hili ndilo lililotuuma. Walikuwa na wiki saba, wazima kabisa, tukawahamisha kwenye majani marefu tukidhani tunawatendea hisani. Kifaranga aliyehamishwa huingiwa na wasiwasi, na akiwa na wasiwasi humeza kila kitu: majani marefu, mchanga, vijiti. Vitu hivyo hujifunga tumboni kama kamba, chakula hakipiti. Alikuwa akidonoa lakini anakonda. Tulipompasua wa kwanza tulikuta fundo kama ngumi ya mtu. Basi katakata lusani iwe fupi kuliko kucha ya kidole chako. Wape vijiwe vidogo laini vya kusagia chakula, vichache. Mabadiliko yoyote ya mahali, chakula au mlezi yaende kidogo kidogo. Na tazama mavi kila asubuhi: yakiwa magumu na madogo kama ya mbuzi, tumbo linaanza kuziba, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kitovu: mmoja. Kifaranga huanguliwa akiwa na kiini cha yai tumboni, ndicho chakula chake cha siku za kwanza. Asipokula siku mbili tatu, usiogope. Lakini kitovu kikiingia uchafu, kiini huoza ndani. Tulipomnunua alikuwa tayari ana tumbo gumu, nasi hatukujua kutazama. Paka kitovu ayodini mara tu anapoanguliwa, na unaponunua, mguse tumbo.

Wanyweshe maji safi katika chombo kifupi. Wapate chanjo ya kideri kwa ushauri wa daktari, na wakae mbali na kuku wa nyumbani. Mwisho, vifaranga hawa wanahitaji mtu. Porini hutembea na wazazi wakijifunza cha kula. Kwetu, waliopona ndio waliokuwa wakifuatana na kijana mmoja kutoka asubuhi hadi jioni, kama mbuzi na mchungaji. Zamu za watu saba ziliwachanganya. Chagueni mlezi mmoja, mumlipe.

Mfano wa mayai 40

Tuchukue mfano wa jike mmoja. Ametaga mayai 40. Tuseme 10 hayana mbegu au yamevunjika. Yamebaki 30. Tuseme 20 yameanguliwa. Tuseme nusu yao wamevuka miezi mitatu. Una ndege 10, si 40. Ukipanga marejesho ya mkopo kwa ndege 40, utauza ng'ombe kulipa deni la mbuni. Panga kwa 10. Wakizidi, shukuru.

Na andika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari letu lina safu sita: tarehe, yai la jike gani, limeanguliwa au la, uzito wa kifaranga kila wiki, chakula kilichonunuliwa, na aliyekufa amekufa na nini. Daftari hilo ndilo lililotufanya tuweze kuwaandikia haya.

Tumefikia wapi?

Tunao dume mmoja na majike wawili. Mayai yao tunampelekea mfugaji mwenye leseni na mashine, kwa mapatano ya maandishi: yeye anaangua na kulea hadi miezi mitatu, kisha tunagawana waliopona, na fungu letu analinunua yeye kwa bei tuliyokubaliana mwanzo wa msimu. Faida ni ndogo kuliko tuliyoiota. Mkopo bado haujaisha, na yule mama bado hajapata mtamba mwingine, ingawa jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha. Katika mkutano wetu wa mwisho mwanachama mmoja alipendekeza tuongeze ndege 10. Tulipiga kura tukakataa, mpaka tuwe na lusani ya mwaka mzima na karatasi ya mnunuzi wa pili.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika eneo letu, nani hasa atanunua nyama, ngozi au manyoya ya mbuni? Tumekwenda kumwona?
2. Ukame ukirudi kesho, mifuko 44 tutaitoa wapi? Je, chakula hicho hicho kingelisha mbuzi wangapi au kuku wangapi?
3. Kati yetu nani anaweza kukaa na vifaranga miezi mitatu bila kuondoka, na tutamlipa nini?
4. Tukipoteza ndege wote, ni nyumba gani itakayolala njaa? Tumemweleza mwenye nyumba hiyo?

Kikundi kitakachojibu haya manne bila kunong'ona, na kije. Tutawaonyesha ua wetu, daftari letu, na ile sakafu ya saruji.